Oveni ya Hanifa

Soko la Ukunda siku ya Ijumaa halina adabu. Kila mtu anataka kupita, na kila mtu anapita na mzigo. Hafswa alikuwa nyuma ya meza yake ya mikate, amevaa dera la zambarau na mtandio mweupe, anampangia mteja vileja, mara akasikia mtu anahema na kupiga kelele.

"Jamani, nipisheni! Nipisheni, naangusha!"

Kabla hajauliza ni nini, sanduku la chuma kubwa kama begi la safari lilitua juu ya meza kwa kishindo, na sinia zima la vileja likawa unga.

"Wewe! Una wazimu?"

"Nisamehe, dada yangu. Mikono ilikuwa imekufa ganzi. Lingeanguka hili, wallahi ningelia hapa mbele za watu."

"Na vileja vyangu nivililie mimi?"

Kijana akafuta jasho kwa mkono wa shati. Vidole vyake vilikuwa na makovu madogo ya kuungua, kama vya mtu wa jikoni. Hafswa, ambaye vyake vilikuwa vivyo hivyo, aliviona vidole kabla ya kuuona uso. Halafu akauona uso, na hasira ikampungua kuliko alivyotaka.

"Dude gani hili? Jiko la pleti mbili?"

Kijana akacheka mpaka akashika meza. "Hii ni tepurekoda, dada. Ya zamani, ya rili. Tepu inatoka rili hii, inapita hapa kwenye vichwa vinavyosoma sauti, inaingia rili ile. Hoteli moja ya Diani walikuwa wanaitupa."

"Na wewe ukaokota. Haya, liondoe kwenye meza yangu."

"Nitaliondoa nikishanunua vileja."

"Vimevunjika vyote, huoni?"

"Ndivyo ninavyovitaka. Naitwa Athmani. Na nipe namba yako ya simu, nikufahamishe nikivila."

"Nifahamishwe ili iweje?"

"Ili ujue kama vilikuwa vitamu."

"Najua ni vitamu," alisema Hafswa, na namba akampa.

Hivyo ndivyo ilivyoanza, na haikukawia kushika moto. Athmani alikuwa na karakana ndogo njia ya kwenda Diani, imejaa mashine ambazo vijana wa rika lake hawakuzijua hata kwa jina. Watu walimfuata kutoka Waa, Matuga, hata Majoreni, wamebeba kanda za harusi za wazazi wao na mawaidha ya mashehe waliokwisha tangulia mbele ya haki. Alisafisha vichwa kwa pamba na spiriti, akabadilisha mikanda ya mpira iliyooza kwa joto la pwani, akachoma solda pale penye waya uliokatika. Hafswa alipomaliza kuuza, alipitia na kipande cha mkate wa sinia, akakaa juu ya stuli na kumtazama. Athmani akamfundisha kuivisha mashine tepu, kubonyeza, kurudisha nyuma, kuongeza sauti. Alimshika vidole akimwonyesha, na somo la kubonyeza kitufe kimoja lilichukua muda mrefu sana.

"Umekula, laazizi?" Athmani alikuwa akimpigia simu mchana.

"Nauza chakula halafu unaniuliza kama nimekula."

"Najua hujala. Wauza chakula wote mnakufa njaa."

"Na wewe umekula?"

"Nakungoja wewe uniletee."

Siku moja Hafswa akiwa karakanani, Athmani alimwomba kitu.

"Kipenzi, ile oveni yako inaweza moto mdogo? Mdogo sana, wa kupasha tu?"

"Inaweza. Kwani?"

"Kuna kanda zimenyonya unyevu miaka hii yote, zinanata. Nikizipitisha kwenye mashine zinabanduka, sauti inaisha. Dawa yake ni kuzioka kutwa nzima kwa moto mdogo mno mpaka zikauke."

Hafswa alicheka sana. Kisha akaona mwenzake hacheki, naye akakunja uso. "Uoke maplastiki mle ninamooka chakula cha watu? Keki ya bibi harusi ikinuka tepu nitamwambia nini mama yake? Sikupi. Tafuta mwanamke mwengine mwenye oveni."

"Mwanamke mwengine?"

"Ndiyo. Wako wengi!"

Aliyasema kwa mzaha, na kesho yake alikuwa amekwisha kuyasahau. Athmani hakuyasahau, kwa kuwa alikuwa na amana ya watu mkononi na ilibidi iokwe mahali.

Sasa, Hafswa alikuwa msichana mzuri, mchapakazi, mcheshi, na mwenye wivu usio na mfano kutoka Likoni mpaka Vanga. Simu ya Athmani ikiita, yeye ndiye aliyegeuza shingo kwanza. Mteja wa kike akikaa karakanani zaidi ya muda wa kunywa maji, Hafswa alitokea na mkate ambao hakuna aliyeuagiza. Yeye mwenyewe wivu huo aliuita mapenzi, na Athmani, maskini, aliona ni raha kupendwa hivyo. Basi fikirini alivyokuwa siku Jumwa, jirani yake wa meza ya juisi ya ukwaju, aliposogeza kigoda karibu.

"Shoga, sitaki kusema."

"Basi usiseme."

"Dada yangu yule aliyeolewa Msambweni amemwona Athmani wako."

"Athmani ana wateja kila mahali."

"Anaingia asubuhi, mwenzangu, anatoka jioni. Na si mara moja. Kwa Hanifa, yule mjane aliyerudi kutoka Maskati. Arobaini na ushei, lakini ukimwona utasema ameolewa jana. Anajifukiza udi mpaka barabarani unausikia."

Hafswa alimpa mteja chenji mara mbili bila kujua. Mteja alipoondoka, akachukua simu.

"Uko wapi, mpenzi?"

"Kazini."

"Kazini wapi? Sisikii magari."

"Niko huku chini kwa mteja."

"Msambweni?"

"Ndiyo, Msambweni. Nani kakwambia?"

"Kwani ilikuwa siri? Unatengeneza mashine gani huko kutwa nzima?"

"Hafswa, ya kanda za watu huwa siyasemi, unanijua. Mwenyewe ameniomba nisimwambie mtu. Ni mambo ya ndani ya nyumba yake."

"Mambo ya ndani ya nyumba yake!"

"Si hivyo unavyo..."

Hafswa alikuwa amekwisha kukata simu. Athmani alipiga tena na tena, na simu ikaita juu ya meza ya mikate mpaka wapita njia wakawa wanaitazama. Kila mkate alioukata Hafswa siku hiyo ulikuwa umepinda.

Jumatatu alivaa baibui lake jipya, akapaka wanja, akafunga mkate wa sinia kwenye kitambaa safi, akaenda Msambweni kama muuzaji anayetafuta wateja wapya. Nyumba hakuhitaji kuuliza, udi ulimwonyesha.

"Hodi hodi!"

"Karibu!"

Hanifa alikuwa kama alivyosemwa, na zaidi. Mweupe wa uso, hina mpya viganjani, leso ya pamba imemkaa vizuri kwa namna ambayo huwezi kumfundisha mtu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Wauza mkate? Umenijia wakati mzuri, sijala kitu. Pita jikoni kuna feni. Alasiri imeshaadhiniwa, niswali kwanza, nakuja nikulipe."

Njiani kuelekea jikoni kulikuwa na msumari ukutani, na kwenye msumari kulikuwa na kofia ya viua. Hafswa aliijua. Alikuwa ameinunua yeye Idi iliyopita, akamvisha Athmani kichwani kwa mkono wake.

Jikoni hapakuwa na mtu. Oveni ilikuwa inawaka, kubwa kuliko ya kwake, na nyuma ya kioo chake palikuwa na sinia lililofunikwa kwa sinia jingine. Hafswa akainama kutazama swichi ya moto. Ilikuwa chini kabisa, karibu na kuzimwa. Hapo ndipo ujuzi wake wa kazi ulipomponza. Mwanamke mwengine asingeelewa kitu, lakini Hafswa alikuwa muokaji, na alijua kwamba moto ule hauivishi hata kileja kimoja. Moto ule, kwa alivyojua yeye, ulikuwa na kazi moja tu katika nyumba za watu: kumwekea mwanamume chakula chake kisipoe mpaka arudi.

Akasikia Hanifa ndani akitoa salamu ya mwisho ya swala. Hakufikiri. Alishika swichi akaizungusha mpaka ikagoma kuzunguka.

"Naale mkaa," alisema moyoni.

Aliuacha mkate mezani, hakungoja malipo, akatoka kwa mlango wa uani. Njia nzima mpaka Ukunda alijisikia vizuri mno, jambo ambalo lilipaswa kumtia wasiwasi.

Simu ililia kabla ya magharibi. Aliitazama, akataka kuiacha, akaipokea ili apate kumwambia maneno aliyokuwa ameyapanga. Hakupata nafasi.

"Hafswa," alisema Athmani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia. "Nimeua sauti ya mtu."

"Unasema nini?"

"Nilimwambia nitatunza siri yake, lakini leo siwezi kubeba hili peke yangu. Bi Hanifa alinipa kanda za mamake. Ngoma za harusi za wanawake, zile za ndani ambazo mwanamume hapaswi kuzisikia. Mjombake Bi Hanifa aliazima mashine ya hotelini, akaitega, akatoka nje, wanawake wakajirekodi wenyewe. Ndiyo maana aliniomba nisiseme, na mimi nikaahidi hata kuzisikiliza sitazisikiliza. Nazisafisha spika imezimwa, natazama mshale wa kipimo cha sauti tu. Zilikuwa zinanata. Tukawa tunazioka kwake, moja moja, katika oveni yake. Leo ilikuwa ya mwisho, ile yenyewe anayoitaka."

Hafswa alikuwa amesimama. Akakaa.

"Anayoitaka kwa nini?"

"Shangazi yake alimwambia kwamba mwisho wa kanda ile, ngoma ikiisha, mamake anamwita. Alikuwa mtoto mdogo. Mamake alifariki muda mfupi baadaye, hana picha yake wala sauti yake nyingine duniani. Na kanda haikurudishwa nyuma, Hafswa. Mwisho wake ndio uliokuwa nje. Nilitoka kwenda kununua pamba, oveni ikapanda moto yenyewe, rili ikayeyuka, na tepu ya nje yote imejikunja. Ya ndani ni nzima. Lakini alichokitaka kilikuwa nje. Nimemwambia kosa ni langu, niliiacha oveni nisiyoijua. Kesho nawarudishia watu kanda zao, nafunga karakana. Mtu kama mimi hafai kupewa amana."

Hafswa akakata simu. Aliogopa kwamba akifungua mdomo, ukweli utatoka wenyewe.

Jumwa alipopita kumjulia hali, alimkuta amejikunyata juu ya mkeka, wanja umemwagikia mashavuni. Hafswa akamweleza yote.

"Basi nyamaza," alisema Jumwa. "Oveni hupanda moto zenyewe kila siku. Nani atajua?"

"Anafunga kazi yake, Jumwa."

"Atafungua tena. Wanaume hununa wiki wakasahau. Ukisema, utamkosa."

"Na nisiposema nitakaa naye vipi?"

Jumwa akaenda zake.

Asubuhi Hafswa alimkuta Athmani karakanani amevaa glavu za pamba, anaizungusha kwa mkono, pole pole, tepu ile iliyonusurika kwenye rili mpya. Macho yake yalikuwa mekundu. Alipomwona alitabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Hafswa kuliko tusi.

"Umekuja, kipenzi."

"Usiniite hivyo. Sikiliza kwanza. Niliizungusha swichi mimi."

Mikono ya Athmani ikasimama.

"Nilikwenda Msambweni na mkate. Nikaiona kofia yako. Nikaona oveni ina moto mdogo na sinia limefunikwa, nikajua... nikadhani amekuwekea chakula. Nikataka kiungue."

"Chakula."

"Ndiyo."

"Hafswa." Aliivua glavu moja, akaiweka chini kwa uangalifu kana kwamba nayo ingeweza kuvunjika. "Oveni nilikuomba wewe. Hapa hapa, umekaa kwenye stuli hiyo. Nani aliniambia nitafute mwanamke mwengine?"

Hapo ndipo alipokumbuka. Alikumbuka na kicheko chake mwenyewe cha siku ile, akatamani ardhi immeze.

"Uliniuliza nani, uliniuliza wapi, uliniuliza mara mia," alisema Athmani, na sasa sauti ilikuwa imepanda. "Hukuniuliza hata mara moja kama nakupenda. Ungeuliza hilo, ningekujibu bila kuvunja siri ya mtu."

"Nimekosa."

"Hukunikosea mimi tu. Bi Hanifa anakuja saa hii kuchukua kilichobaki. Mwambie mwenyewe."

Hafswa angeweza kukimbia. Alikaa. Hanifa alifika akiwa na baibui la kawaida, hana udi wala wanja, na alionekana umri wake wote. Hafswa alipiga magoti mbele yake akamweleza, hakujipunguzia kitu.

"Ni wewe mwenye mkate," alisema Hanifa. "Nilikula mkate wako nikilia. Nikasema, angalau Mungu ameniletea mtu na mkate leo."

Hafswa akainamisha kichwa.

"Nisikie ngoma basi," Hanifa akamwambia Athmani. "Niusikie uimbaji wake, hilo nalo si dogo. Lakini wewe toka nje, mwanangu, kama mjomba alivyotoka."

"Mashine nani ataiendesha?"

Wote watatu wakajua jibu. Athmani alimtazama Hafswa kwa mara ya kwanza tangu alipokiri, akamwachia glavu, akatoka, akarudisha mlango.

Hafswa aliivisha mashine tepu kama alivyofundishwa. Alirudisha nyuma kidogo tu, akabonyeza. Ngoma ikajaa karakana, makofi, vigelegele, na sauti moja nene ikiongoza juu ya zote. Hanifa akaziba mdomo kwa kiganja. "Ni yeye," alisema. "Shangazi alinambia sauti yake ilikuwa nene." Wanawake wa zamani walicheka, wakaimba maneno ambayo hayaandikiki hapa, kisha ngoma ikapungua, ikanyamaza. Ukabaki mvumo mtupu wa tepu. Rili ilikuwa imebakisha mizunguko michache.

Na ndani ya mvumo ule Hafswa akasikia kitu.

"Ngoja." Akarudisha nyuma, akaongeza sauti mpaka mwisho. Akabonyeza tena.

Ilikuwa hafifu mno, kama mtu anayesema akiwa chumba cha tatu. Lakini ilikuwa sauti ile ile nene: *Hanifa, njoo, mamangu.*

Tepu ikaisha, ncha yake ikawa inapigapiga kwenye rili. Hakuna aliyeisimamisha.

"Athmani!" Hafswa alipiga ukelele. "Athmani, ipo! Anaita! Iko mbali lakini ipo!"

Athmani alijibu kutoka nyuma ya mlango, kwa kuwa ahadi ni ahadi. "Subhanallah! Ni mwangwi! Tepu ikikaa miaka imezungushwa, mzunguko wa juu huambukiza sauti mzunguko wa chini yake. Ya juu imeungua, na kivuli chake kimebaki kwenye ile ya chini. Na palikuwa na ukimya, ndiyo maana kinasikika. Iguse taratibu!"

Hanifa aliisikiliza mara nyingine moja, kisha akamwambia Hafswa azime. Alilia bila kujificha. Hafswa naye akalia pembeni, hakuthubutu kumgusa, mpaka Hanifa mwenyewe alipomvuta mkono.

"Mama alikuwa karibu, wewe umemweka mbali," alisema. "Hilo sitakuficha, linaniuma na litaniuma. Lakini nimemsikia. Na wewe ndiye uliyemsikia kwanza, mimi ningezima mashine." Akajifuta. "Umechoma chakula cha mwanamume aliyekuwa hana hata chakula. Mwanamke hafanyi hivyo kwa mtu asiyempenda. Mwambie aingie, ataungua juani yule."

Hanifa alipokwisha kuondoka, walibaki wawili, kila mmoja upande wake wa mashine.

"Bado unafunga?" aliuliza Hafswa.

"Sifungi. Lakini nina kanda nyingine zinanata, za watu wa Waa. Na kwa Bi Hanifa sina uso wa kurudi na sinia."

"Oka kwangu."

"Na keki za mabibi harusi?"

"Zitapangiwa siku zao." Hafswa alikuwa ameikazia macho sakafu. "Ila mwanamume haingii jikoni kwangu kutwa nzima hivi hivi. Majirani wana macho. Lazima aje kwanza na wazee wake."

Athmani alimvutia ile stuli yake, akamketisha.

"Nina sharti," alisema. "Ukiona kofia yangu mahali, uniulize mimi kabla hujaiuliza oveni."

"Nitakuuliza."

"Uniulize sasa."

"Unanipenda?"

"Nakupenda, mchomaji wewe. Wazee watakuja Ijumaa, inshallah."

Walioana baada ya mfungo, na Hanifa ndiye aliyeongoza ngoma ya ndani. Wivu wa Hafswa haukwisha, msidanganyike, hayo hayaishi kwa nikaha. Lakini siku moja Jumwa alikuja kuazima kibaba cha unga, akaona oveni ya Hafswa inawaka moto mdogo mno, na ndani yake sinia lililofunikwa kwa sinia. Hafswa alikuwa amevuta kigoda mbele yake, amekaa, mkono karibu na swichi kama mlinzi.

"Shoga, kuna nini humo?" aliuliza Jumwa, akinyoosha mkono kufungua.

Hafswa akaupiga ule mkono.

"Usiguse," alisema. "Nimemwekea mume wangu."